Naomba ushauri: unene wa mstari wa ikoni za SVG kwenye ukubwa mdogo

Habari wakuu. Komponenti (kipande cha msimbo kinachotumika tena) yetu ya ikoni za SVG, yaani michoro ya vekta ya wavuti, inapokea jina, rangi na ukubwa wa pikseli: 16, 20 au 24. Michoro yote ina viewBox (gridi ya kuchorea) ya 0 0 24 24 na mstari wa unene wa 2.

Rangi imeshakaa sawa. Baadhi ya path (maumbo ya mchoro) zilikuwa na fill, yaani rangi ya kujaza, ya "#000" (nyeusi), kwa hiyo hazikurithi rangi ya mzazi; sasa zina currentColor, inayofuata rangi hiyo. Ikoni za mstari zibaki na fill="none", la sivyo zinajaa na kuwa doa.

Kinachosumbua ni unene. Kwenye 16, mstari wa 2 unashuka hadi pikseli 1.33 na kingo zinafifia. Kuweka vector-effect="non-scaling-stroke" (mstari usipungue ikoni inapopunguzwa) kunabakiza 2 kamili, ila matundu madogo, mfano ya ikoni ya gia, yanaziba. Je, stroke-width (unene wa mstari) ya 2.25, ili kwenye 16 ionekane pikseli 1.5 (1.5 × 24 ÷ 16), inatosha, au nichore seti ya pili kwenye gridi ya 16? Naegemea kuchora upya, japo ni kazi mara mbili kila ikoni inapoongezwa.

Pia, kitufe chenye ikoni pekee: aria-label (jina linalosomwa na programu za kusoma skrini) ikae kwenye kitufe na SVG ipewe aria-hidden="true" ili programu hizo ziiruke, au komponenti ndiyo ipokee maelezo?