Hadithi za chumba kimoja: 12 Angry Men, Rear Window au "Fly", ipi inakaza zaidi?

KitiChaNyuma

Wadau, salaam. Mimi nina ugonjwa wa hadithi zilizofungiwa ndani. Muvi ya magari kurushana angani nitaitazama, lakini nikiizima sikumbuki kitu. Nipe watu wachache, mlango mmoja na jambo wasiloweza kulikimbia, hapo hunitoi kwenye kiti.

Nimerudia kazi tatu mfululizo, nimeshindwa kuzipanga.

12 Angry Men (1957). Wanaume 12 wa baraza la mahakama wanaamua kama kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kura ya kwanza, 11 kwa 1. Muvi ina dakika 96, na ukitoa dakika chache tu, yote imo kwenye chumba kile na choo chake. Sidney Lumet, ambaye hiyo ndiyo ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema, aliicheza kamera kiujanja: mwanzo iko juu kidogo ya macho ya watu, katikati inashuka usawa wa macho, mwishoni inawatazama kutoka chini mpaka dari linaingia kwenye picha. Lenzi nazo anazibadilisha taratibu, kuta zinakuwa kama zinasogea. Mara ya kwanza sikuyajua haya. Nilihisi joto tu.

Rear Window (1954). Muongozaji ni Hitchcock; mpiga picha aliyevunjika mguu, kiti cha magurudumu, dirisha, na jirani mwenye mambo. Ua mzima na nyumba zake ulijengwa ndani ya studio za Paramount.

"Fly", episodi ya 10 ya msimu wa 3 wa Breaking Bad (2010), tamthilia ya wapika dawa za kulevya wawili. Walter, Jesse, maabara, nzi. Basi.

Kwangu zinakwenda hivyo hivyo nilivyozitaja. Nipingeni.

Taa_Zimezimwa

Mkuu, huyo nzi hastahili hata kukaa meza moja na hao wengine. Watu tuko roho juu, biashara imechacha, kila mtu anamwinda mwenzake, mara episodi nzima inaishia kwa jamaa kukimbizana na mdudu! Na sababu inajulikana: bajeti ya msimu ilikuwa imezidi, wakaona bora wajibane kwenye maabara ambayo tayari ilikuwa imejengwa. Ubahili ule ukaja kuitwa sanaa. Ukitaka episodi ya Breaking Bad, taja "Ozymandias" ya 2013. Pale nilisimama mbele ya skrini, sikukaa tena.

Chungulia_Tena

Rear Window ya pili? Hapana kwa kweli. Angalia mpenzi wa mpiga picha (Grace Kelly) anapovuka ua na kuingia kwenye nyumba ya jirani. Steringi wetu yuko kwenye kiti, anaona kila kitu, hawezi hata kupiga kelele. Na wewe mtazamaji umekaa kwenye kiti chako vilevile, unaona, huwezi kitu. Halafu jirani anapokuja kumfuata, silaha aliyonayo mpiga picha ni taa za kamera. Anamulika, anabadilisha balbu, anamulika tena. Mtu anajitetea kwa kitendea kazi chake! Niambieni muvi gani ya bunduki imewahi kunikaza hivyo.

MamaWaSaaNne

Taa, ngoja kwanza. "Fly" iliongozwa na Rian Johnson, ikaandikwa na Sam Catlin pamoja na Moira Walley-Beckett. "Ozymandias" iliongozwa na nani? Rian Johnson. Ikaandikwa na nani? Moira Walley-Beckett, na ikampa Emmy, tuzo ya televisheni. Kwa hiyo unawasifu na kuwatukana watu walewale, mwanangu.

(Anayeogopa kukatiwa uhondo aishie hapa.)

Kwenye "Fly" Walter amekunywa kahawa yenye dawa za usingizi bila kujua. Jesse yuko juu ya ngazi anamtafuta nzi, Walter ameishika ngazi huko chini, ulimi umelegea, anaanza kusema habari za Jane, mpenzi wa Jesse ambaye Walter alimwacha afe bila kumwokoa, na Jesse hajui. Anasema samahani. Neno moja zaidi na kila kitu kinaporomoka, na aliyeshika ngazi ndiye yeye. Analimeza. Sasa nenda "Ozymandias", jangwani: neno lilelile Walter anamtemea Jesse usoni, kwa makusudi, ili limuumize. Kwenye maabara lilikuwa karibu kuwa toba, jangwani likawa kisu. Bila nzi, ile ya jangwani inabaki ukatili mtupu. Ukiwa na nzi unajua kwamba kuna usiku mmoja angeweza kulisema kwa uchungu.

Ubahili wa bajeti ndio uliowafungia mle ndani mpaka wakazungumza.

Dakika96

Mama umenena, ila mizani iwe sawa. "Fly" ni episodi ya 30 tangu tamthilia ianze. Nzi huyo amebebwa mgongoni na episodi 29! Mwoneshe mtu asiyemjua Jesse wala Jane, atakuuliza kama kompyuta imekwama. Lumet hakuwa na mtaji huo. Anafungua mlango, wanaingia watu 12 usiowajua, hata majina hawana. Wawili tu ndio tunawasikia wakitajiana, Davis na McCardle, nako ni nje, kwenye ngazi za mahakama, muvi imekwisha. Lakini kufikia hapo unamjua kila mmoja: mwenye tiketi ya mechi, anayejipangusa jasho, mwenye kinyongo na mwanawe.

Halafu jambo la kuchekesha: ilianzia kwenye televisheni. Reginald Rose aliiandika kwanza kama mchezo wa runinga, ukarushwa CBS mwaka 1954. Kwa hiyo hata hii ya sinema ni mtoto wa TV.

Kanuni_Kwanza

Naipenda, lakini kuna kitu kinanikera kila nikiirudia. Mjumbe namba 8 anatoka kivyake, ananunua kisu kinachofanana na kile cha kesi, anakichomeka mezani, sote tunapiga makofi. Jamani, mjumbe wa baraza haruhusiwi kujifanyia upelelezi! Jaji angejua, kesi ingeanza upya. Tunashangilia kwa sababu anayemwigiza ni Henry Fonda.

KitiChaNyuma

Kanuni, umeniharibia usiku. Sitaki kukubali, ila nakubali.

Mama, hoja yako ya ngazi imenigusa. Nilikuwa naipima "Fly" kama kitu kilichosimama peke yake, kumbe ni nusu ya kitu kingine. Lakini Dakika naye ana lake: mimi nikialika watu wasiojua lolote, nitaweka 12 Angry Men, sitaweka nzi. Rear Window nitaiweka kwa wale wanaojifanya hawachungulii majirani.

Msomaji_Kimya

Hakuna aliyetaja Locke (2013)? Tom Hardy, gari moja, barabara usiku, na simu anazosimamia nazo kazi ya kumwaga zege. Wengine wote ni sauti tu. Ujenzi wa zege haujawahi kunipa presha kiasi kile.

Dakika96

Ile zege! Nilishasahau. Sasa umeniongezea kazi.

Taa_Zimezimwa

Nimeirudia "Fly" jana kwa ajili ya Mama. Pale katikati bado ni ndefu, na Walter kujirusharusha na kile kifaa alichokitengeneza bado hainichekeshi. Ila nilipofika kwenye ngazi nilijikuta namwambia kwa sauti, "Nyamaza, mzee, nyamaza." Peke yangu, sebuleni.

Naiweka juu ya Rear Window na chini ya "Ozymandias". Najua "Ozymandias" haimo kwenye orodha. Mwenye uzi asinisumbue.