FAMILIA YA KWA BIBI 🏠

Shemeji Baraka: Habari za asubuhi wanafamilia. Natangaza msiba wa jiko langu la mkaa, limefariki jana saa 3 usiku. Chanzo cha kifo ni vikombe

Joel: 😂😂 vikombe vya nini tena

Mama Mkubwa: Baraka neno msiba haliandikwi hivyo asubuhi asubuhi, roho imeniruka

Shemeji Baraka: Nisamehe mama, shikamoo

Mama Mkubwa: Marahaba. Haya jiko limefanyaje

Neema: Baraka si tulikubaliana haiendi kwenye grupu 🙄

Neema: Haya ngoja niseme mwenyewe. Ile kozi yangu ya ufinyanzi ya mtandaoni, mwalimu yuko Uingereza, masomo 12 ya video, nikanunua udongo kwa wale mama wa vyungu nikafinyanga vikombe 6 kwa mkono, vimekaa siku 4 vikawa vyeupe kabisa nikajua vimekauka, jana nikavipanga kwenye jiko mkaa chini mkaa juu nikawasha, hata dakika 10 hazijaisha PAAA! nikasema labda jiwe, PAAA tena, majirani wametoka nje wanasema transfoma imelipuka

Joel: transfoma 😂😂😂😂 nimekufa

Neema: Cheka tu. Vimebaki 2. Na nimelipa elfu 65, mi naona huyu mwalimu kuna siri anaificha

Mjomba Ambakisye: Hakuna siri hapo Neema, ni maji. Udongo unaouona mkavu kwa macho bado una maji ndani, yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1000 ya ile ya maji, ukikosa pa kutokea unapasua. Watu wanasingizia viputo vya hewa lakini mkosaji mkubwa ni maji. Halafu kuna maji mengine yamejifunga kwenye udongo wenyewe, hayo yanatoka kuanzia kama nyuzi 500 hivi, yakishatoka ndo kikombe hakirudi tena kuwa matope hata ukikiloweka mwaka. Sasa wewe umetoka baridi ukaingia moto mkali kwa dakika 10

Joel: Mwalimu wa kemia hastaafu 🙌

Kelvin: Shikamooni. Mamdogo hayo yapo somo la 3. Anasema weka kikombe shavuni, ukisikia baridi bado kina maji. Na kwenye unyevu unaanika hata wiki 2, halafu unakipasha taratibu masaa kadhaa kabla ya moto wenyewe

Neema: We Kelvin somo la 3 umeliona wapi

Kelvin: 🏃🏾

Neema: KELVIN. Kumbe ndo maana bando langu linaisha tarehe 10

Kelvin: Paswedi ni jina la paka mamdogo, ningefanyaje. Halafu somo la 3 wewe uliliruka lilikuwa halijafunguliwa kabisa

Shemeji Baraka: 👀👀

Neema: Lilikuwa refu, dakika 40 mtu anaongelea kukausha tu jamani!!

Mama Mkubwa: Na mvua hizi za masika Dar hata kanga haikauki, itakuwa udongo. Mimi sijawahi kufinyanga msije mkaniuliza, kwetu vyungu tulinunua kwa Wakisi, wanawake wa Ikombe huko Ziwa Nyasa, soko lao Lyulilo Jumamosi karibu na Matema. Ninachojua ni kununua. Unakigonga kwa kidole, kizima kinalia, chenye ufa kinakoroma. Neema gonga hivyo viwili

Neema: Kimoja kinalia. Kingine... kinakoroma mama 😩

Tumaini: Hongera ya kimoja! Ila chai usitie

Neema: Nimeshatia. Kimelowesha kitambaa cha meza

Mjomba Ambakisye: Lazima. Moto wa mkaa wazi haufiki mbali, udongo unabaki na vitundu, ndo maana mtungi unapoza maji, yanatoka nje kama jasho na kuondoka na joto. Vikombe vya kung'aa vinapakwa glezi, ile ngozi ya kioo, na kuchomwa zaidi ya nyuzi 1000, vile vigumu vya dukani 1200 na kitu

Neema: Mwalimu ana tanuri la umeme uani kwake

Shemeji Baraka: HAPANA. LUKU ya nyumba hii naijua mimi

Mama Mkubwa: Kipikie uji mzito, uache ulale humo. Chungu kipya tulikuwa tunakianza hivyo, uji unaziba

Neema: Sawa mama. Afu nataka kununua lile gurudumu la kufinyangia, vya mkono vinakaa upande

Tumaini: Acha hela yako. Magdalene Odundo unamjua? Kazaliwa Nairobi 1950, vyungu vyake vimo kwenye makumbusho makubwa Uingereza na mwaka 2020 wamempa cheo cha Dame, na anajenga kwa mkono, kamba juu ya kamba, halafu anasugua mpaka kinateleza. Alienda mpaka Abuja Nigeria kujifunza, akina mama wafinyanzi kama Ladi Kwali wakamwonyesha

Joel: Na hakuruka somo la 3

Neema: Joel nitakublok

Neema: Naanza upya leo. 4 tu. Shavuni kila asubuhi mpaka visiwe na baridi. Kelvin njoo unisaidie kukanda udongo, bando unalilipa kwa mikono

Kelvin: Nakuja na somo la 4

Shemeji Baraka: Yote sawa. Sasa jiko langu?