MREJESHO: Supu ya makongoro kwa baridi ya Njombe

Wakuu asanteni sana. Niliwauliza supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, inapikwaje iwe nzito bila kutia unga, maana huku Njombe mwezi wa 7 baridi si mchezo, hata maji ya bomba asubuhi yanauma mikono. Basi nikayababua manyoya motoni, nikakwangua na kisu mpaka yakawa meupe, nikayabandika kwenye mkaa na tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga, moto mdogo kama masaa 4 hivi. Aliyesema moto usiwe mkali Mungu ambariki, ule ute wote umetoka kwenye ngozi na mishipa ukaingia kwenye supu, ukinywa midomo inanata kabisa! Viazi na karoti nimetia nusu saa kabla ya kuipua ili visivurugike. Ndimu nakamulia kwenye bakuli sio kwenye sufuria, harufu yake inabaki. Mama mkwe kaongeza bakuli la pili na chapati, na yeye sio mtu wa kusifia ovyo. Iliyobaki imelala ikaganda kama jeli, unapasha tu.

Wanaotia ndizi mbichi, mnazitia muda gani?