Nipo feloshipu kwenye mfuko wa jamii, kikundi kizuri kinakatwa kwa sababu ya makaratasi, naombeni ushauri

Mwanachuo wa Tatu
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo yenu mapema maana kamati ya ruzuku inakaa wiki ijayo na ripoti yangu inatakiwa kabla ya hapo.

Nipo mwaka wa tatu chuo, nimepata feloshipu (nafasi ya muda ya kujifunza kazi) kwenye mfuko wa jamii, yani zile taasisi zinazopokea michango ya watu na kampuni za eneo lao, mtaji unawekezwa hauguswi na mtu, faida yake ndo inatolewa ruzuku kwa vikundi. Kazi yangu ni kusoma maandiko ya miradi, kujaza fomu za alama, kuongozana na afisa programu kutembelea vikundi halafu naandika ripoti ya ziara ambayo kamati wanaisoma kabla ya kuamua. Kiukweli najifunza mambo ambayo darasani sikuwahi kuyasikia na watu wa ofisini wananilea vizuri sana.

Sasa ishu iko hivi, vikundi viwili vimeomba kwenye mfuko mmoja wa elimu ya watoto. Cha kwanza andiko limenyooka, bajeti ya ekseli, hesabu zimekaguliwa, alama juu. Cha pili ni wazazi waliofungua chumba cha watoto kujisomea baada ya shule, andiko lao kurasa mbili za kuandika kwa mkono, ripoti ya mkaguzi hawana, wakaanguka kwenye alama hata kabla hatujafika kwao.

Kufika kwa wale wa kwanza, kompyuta za ruzuku iliyopita bado ziko kwenye maboksi na gundi yake haijaguswa, tuliyemkuta akasema mwalimu bado anatafutwa. Kwa wazazi sasa, wana daftari la mistari la kawaida kabisa, kila hela iliyoingia na kutoka imeandikwa, pembeni sahihi za watu wawili, risiti zimebandikwa na kupewa namba ya ukurasa. Nikachukua risiti moja ya taa nikaifuata mpaka kwenye ukurasa wake, hela ile ile, tarehe ile ile, na taa yenyewe ipo juu inawaka. Watoto wamejaa mpaka mlangoni, wakubwa wanawasomea wadogo.

Afisa wangu anasema nifuate fomu, na fomu haina sehemu ya daftari. Nikiandika nilichokiona naogopa nitaonekana nina upendeleo na mimi pale ni mtu wa muda tu, nisipoandika nafsi itanisuta. Nifanyeje wakuu?

Kalamu ya Jioni
Hongera mdogo wangu. Nimekaa sana kwenye kazi za ruzuku nikwambie kitu, ripoti ya ziara ipo kwa ajili ya hayo hayo unayoogopa kuyaandika, wajumbe wa kamati hawajafika kule, wanakutegemea wewe uliyefika. Ila andika ulichokiona, usiandike ulivyojisikia. Usiseme "kikundi hiki kinajituma", sema daftari lina sahihi mbili kila mstari na risiti uliyoifuata ililingana. Usiseme wale wengine ni wazembe, sema maboksi hayajafunguliwa mpaka tarehe ya ziara na maelezo waliyotoa ni haya.

Halafu swali, kwa kikundi cha kwanza ulifuata risiti yoyote? Kama hukufuata basi umewapima kwa vipimo tofauti na mjumbe makini atakubana hapo hapo. Wapigieni simu waeleze habari ya kompyuta kwa ukamilifu, mwalimu kuchelewa kunatokea kwa watu waaminifu kabisa.

Mzee wa Mihtasari
Mi napingana kidogo na mnavyoibeza fomu. Mleta mada, ile hela ni ya watu, wengine wameiacha kwenye wosia, na fomu inafanya hela isiende kwa anayefahamiana na mjumbe au aliyelia vizuri mbele ya mgeni. Leo moyo wako umeguswa na watu wema, kesho feloo mwingine ataguswa na tapeli mwenye maneno matamu. Ukitaka fomu ibadilike pendekeza ibadilike kwa wote, usiombe irukwe kwa kikundi kimoja. Na kama una ndugu au rafiki kwenye kikundi chochote kati ya hivyo sema mapema kwa maandishi.

Tausi Mweupe
Wote mmesema kweli ila kuna kitu hamjagusa. Mwambieni akasome mkataba wa ule mfuko wa elimu, yani makubaliano ya mtoa hela na taasisi. Fomu ya alama mara nyingi inaandaliwa na ofisi, masharti yenyewe yako kwenye mkataba, na hivi vitu viwili havilingani kila wakati.

Hizi taasisi zilianza kwa shida inayofanana na hii. Ya kwanza ni Cleveland Foundation kule Marekani, 1914, aliyeianzisha ni Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa anaongoza benki. Aliona watu wanakufa wanaacha hela na masharti magumu, miaka inapita, hitaji lenyewe halipo tena na hela imekwama. Akaweka hela za wengi chini ya chombo kimoja chenye kamati ya wananchi inayoweza kubadilisha matumizi sharti likipitwa na wakati. Kwahiyo kubadilisha utaratibu kumo ndani ya kazi yenyewe, ila ni kamati inayobadilisha. Wewe kazi yako ni kuwapa sababu.

Mwanachuo wa Tatu
Wakuu asanteni sana. Mzee wangu wa mihtasari, sina ndugu wala rafiki huko, hata hivyo nitalijaza tamko. Nimeomba mkataba nimeusoma wote, jamani, unasema kikundi kiwe na "hesabu zinazoweza kuthibitishwa", neno ukaguzi halimo popote! Sharti la mkaguzi limeingia kwenye fomu tu.

Kalamu ya Jioni
Sasa hapo una hoja. Ila usiende kuitoa kikaoni mbele ya wajumbe, utamuaibisha afisa wako na yeye ndo anayekulea. Nenda kwake na mkataba na fomu mkononi, muulize kwa heshima hili sharti lilitokea wapi, huenda kuna sababu huijui. Mpelekee na njia: ruzuku ndogo ya kuanzia pamoja na mtu wa kuwafundisha hesabu, au hela ipitie kwa taasisi mwenyeji iliyosajiliwa inayowasimamia. Kamati inakubali kirahisi kitu kidogo chenye usimamizi.

Na tafadhali usiwaambie wale wazazi chochote. Wala "msijali tunawapigania". Ikishindikana utakuwa umewavunja moyo mara mbili.

Mwanachuo wa Tatu
Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Amekaa kimya akausoma mkataba mara mbili, akasema sharti liliwekwa kwa ajili ya ruzuku kubwa likabaki kwenye fomu zote, alama haziwezi kubadilishwa wiki hii ila niandike ya daftari kwenye ripoti ya ziara na yeye ataambatanisha barua ya kuomba kamati ijadili ruzuku ndogo. Kesho tunarudi kwa kikundi cha kwanza kufuata risiti zao kama nilivyofanya kwa wazazi. Swali la mwisho wakuu, nina picha ya ukurasa wa daftari, ina majina na sahihi za wazazi na michango ya kila mmoja, niiweke?

Mzee wa Mihtasari
Waombe ruhusa kwanza mwanangu. Wakikubali funika majina na sahihi, acha tarehe, kiasi na namba ya risiti vionekane. Wakikataa andika kwa maneno tu, na hiyo picha uifute kwenye simu yako.