Tupeane uzoefu: The Fall ni posti-panki, sawa. Je, tuihesabu pia kwenye roki ya gereji?

Kaseti_Chakavu (Salford, Uingereza)

Wakuu, salaam. Kuna ubishi umekaa muda mrefu kwenye kundi letu la wapenda roki, na nimeona niulete hapa, maana kule kila mtu anajibu kwa yale aliyoyasoma. Mimi nataka kujua masikio yenu yaliamua nini.

Bendi ni The Fall, ya Prestwich, kaskazini mwa Manchester. Ilianza 1976 na ikadumu mpaka mwimbaji wake, Mark E. Smith, alipofariki Januari 2018. Kila orodha inawaweka kwenye posti-panki, yaani roki iliyokuja baada ya panki ya 1976, kapu moja na Joy Division, Wire na Gang of Four. Hilo silipingi. Ninachouliza ni kama wao ni bendi ya roki ya gereji vilevile, ya ukoo mmoja na wale vijana wa Marekani wa 1963 hadi 1967 waliopiga kodi (chords) tatu kwa gita la kukwaruza na kinanda cha bei rahisi.

Mimi nasema ndiyo. Tazameni nyimbo walizochagua kupiga kopi. 1986 walitoa "Mr. Pharmacist", ambao ni wimbo wa The Other Half wa California, wa 1966. 1990, kwenye albamu ya Extricate, wakachukua wimbo wa Monks, bendi ya gereji ya sitini. 1993 wakampigia John Peel, mtangazaji wa BBC, "Strychnine" ya The Sonics, nao wa gereji. 1994 wakarudi tena kwa Monks na "Shut Up!". Hii ni bendi iliyokuwa ikitunga nyimbo zake karibu kila mwaka, haikuwa na njaa ya nyimbo. Ukiona mtu ana chakula kwake na bado anakwenda kula nyumba ileile miaka nenda rudi, ujue pale ni kwa ndugu zake.

Halafu kuna upigaji wenyewe. 1978, kwenye santuri yao ya kwanza kabisa, kuna wimbo unaitwa "Repetition", na kweli ni kurudia tu: gita linasema neno moja mpaka linakuingia. Hiyo ndiyo gereji ninayoijua.

Leteni uzoefu wenu. Uliwasikia wapi, ulikuwa ukisikiliza nini kabla yao, na ukawaweka wapi? Wapiga vyombo, semeni pia mikono yenu imeona nini.

Bin_Redio (Mombasa)

Assalaam alaykum. Mie niliwasikia redioni, miaka ya themanini, masafa mafupi. John Peel alikuwa na kipindi chake kwenye Idhaa ya Dunia ya BBC kwa Kiingereza, mbali na kile cha Uingereza kwenyewe, na sisi tuliokuwa tukikesha na redio tulimjua vizuri.

Sasa mwajua masafa mafupi yalivyo. Sauti yaja yaenda, na besi hupotea yote. Kinachofika ni gita la juu, ngoma ya snea, na yule mwimbaji wa The Fall anavyosema maneno yake huku akiyavuta mwishoni. Nyumbani kaka yangu mkubwa alikuwa na santuri za sitini, mojawapo "Louie Louie" ya The Kingsmen, ile ya 1963 iliyorekodiwa Portland. Ile nayo yasikika kama imerekodiwa ndani ya debe, hata maneno hayashikiki, mpaka FBI wakaichunguza wakidhani mna matusi. Basi nikamwambia kaka, hawa ni wale wale. Na 1988 The Fall walipotoa "Victoria" ya The Kinks, sikuona ajabu, japo The Kinks ni Waingereza na gereji ya Marekani ndiyo iliyowaiga wao.

Miaka mingi baadaye mwanangu akanivisha vile visikilizio vya masikioni, akaniwekea nyimbo zilezile. Nikasikia besi kwa mara ya kwanza. Wallahi ilikuwa bendi nyengine. Kwa hivyo jibu langu ni hili: kwenye redio ya masafa mafupi The Fall ni gereji bila shaka. Kwenye spika nzuri siwezi kuapa.

Nyuzi_Nne (Nairobi)

Mzee Bin Redio, umegusa penyewe. Mimi napiga besi na ndiyo maana sikubaliani na Kaseti_Chakavu hata kidogo.

Kwenye gereji ya sitini besi inafuata. Gita au kinanda kinashika wimbo, besi inatembea chini kwenye noti za kodi, basi. Steve Hanley aliingia The Fall 1979 na kukaa karibu miaka ishirini, na kwenye nyimbo zake nyingi besi ndiyo inayobeba wimbo, gita linatupia tu vipande pembeni. Nilipoanza kujifunza mistari yake nilikuwa nimetoka kupiga rumba, na nikajikuta nyumbani haraka kuliko wenzangu waliotoka kwa roki. Unashika mstari mmoja na huuachi, wengine wote wanakuzunguka. Sijawahi kupata hisia hiyo nikipiga nyimbo za gereji. Huko nikiacha kupiga kwa muda, wimbo unaendelea vizuri tu.

Pili, huko kurudia. Wimbo wa gereji unarudia kwa dakika mbili na nusu kisha unakufa, kwa sababu vijana wale walijua kodi chache na singo, ile santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande, ilikuwa na nafasi ndogo. The Fall walirudia kwa makusudi, na mwalimu wao alikuwa Ujerumani: bendi ya Can. 1985 waliweka wimbo mzima wa kumtaja mwimbaji wa Can, "I Am Damo Suzuki". Sikiliza tena "Hip Priest" ya 1982. Inatambaa polepole, kuna mahali bendi karibu inanyamaza kabisa. Nitajie bendi moja ya gereji ingethubutu kufanya hivyo mbele ya watoto wa shule waliolipa kiingilio wacheze.

Kopi si ushahidi. Walipiga pia R. Dean Taylor 1987, "There's a Ghost in My House", wimbo wa Motown, ile kampuni ya muziki wa soul ya Marekani. Kwa hiyo nao ni bendi ya Motown?

Mama_Tacoma (Washington, Marekani)

Ndugu yangu Nyuzi_Nne, naheshimu vidole vyako lakini hapo kwenye "walijua kodi chache" naomba usimame. Ninaishi Tacoma, mji wa The Sonics, na hapa huwezi kusema maneno hayo mbele ya wazee. Wale vijana walijua walichokuwa wakifanya. Albamu yao ya 1965, Here Are The Sonics, imerekodiwa kwa ukali ambao haukutokea kwa bahati mbaya. Gerry Roslie, mwimbaji wao, alikuwa akipiga kelele za kupasua koo na kinanda kiko mkononi, ngoma zinapigwa kama mlango wa mtu mwenye deni.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani. Mmoja wao ujana wake wote aliumalizia kwenye dansi za vijana za huku, na akiwaeleza The Sonics anaanza na sakafu ya ukumbi, muziki unakuja baadaye. Nilimwekea "Strychnine" ya The Fall kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono ukigonga kiti. Kisha akauliza saksafoni imekwenda wapi. Sisi tukisema gereji tunafikiria gita tu, kumbe The Sonics walikuwa na Rob Lind kwenye saksafoni, na ndiyo nusu ya ule moto. La pili alilosema ni kwamba huyu mwimbaji hapigi kelele, anahutubia.

Nikamuuliza basi ni bendi ya aina moja na The Sonics au siyo? Akasema wimbo wanaujua kweli, lakini hawampigii mtu anayecheza. Mimi naliona hilo ndilo jibu bora nililowahi kusikia kwenye ubishi huu. Bendi ya gereji ilikuwa bendi ya dansi. Ilipigia vijana wa mtaa wake waliotaka kucheza, na wimbo usiochezeka ulikatwa wiki inayofuata.

Fundi_Mitambo (Dodoma)

Nachangia kidogo upande wa kurekodi, ndiyo kazi yangu.

Live at the Witch Trials, albamu yao ya kwanza, ilirekodiwa siku moja, Desemba 1978, na kuchanganywa siku iliyofuata. Linganisha na Unknown Pleasures ya Joy Division, miezi michache tu baadaye, Strawberry Studios huko Stockport. Pale mtayarishaji Martin Hannett alitenganisha ngoma moja moja na kuzipitisha kwenye mitambo ya mwangwi mpaka zikasikika kama ziko peke yake kwenye jengo tupu. Bendi hizi mbili ni za eneo moja, mwaka mmoja, kapu moja, lakini kwa mtu wa studio ni kazi mbili zisizofanana. Hiyo ya siku moja naipokea kwenye gereji bila kuuliza zaidi. Na Hex Enduction Hour ya 1982, sehemu yake walirekodi ndani ya jumba la sinema lililofungwa, Hitchin. Mnasikia hewa ya ukumbi? Mimi huwa naisikia kwenye ngoma.

Binti_wa_Rhein (Cologne, Ujerumani)

Habari zenu jamani. Mmewataja Monks mara kadhaa na mkapita, nami nadhani hapo ndipo kuna jambo.

Monks walikuwa Wamarekani watano waliokuja Ujerumani kama wanajeshi, wakamaliza utumishi na kubaki. Walinyoa utosi kama watawa na kuvaa nguo nyeusi. Albamu yao moja tu, Black Monk Time, ilirekodiwa hapa Cologne na kutoka 1966. Hamna saksafoni wala gita la solo la kubembeleza. Kuna banjo inayopigwa kwa kukatakata kama ngoma, kinanda kinacholia, matoazi machache sana, na maneno mafupi ya hasira kuhusu jeshi na Vietnam.

Kazini kwetu kuna bwana mmoja aliyekulia na posti-panki ya Ujerumani, ana santuri ukuta mzima. Siku moja nikaweka Monks jikoni wakati wa chakula bila kusema ni nani. Akasikiliza, akauliza ni bendi gani ya 1980. Nilipomwambia ni 1966 alikuja akashika simu yangu kuangalia mwenyewe.

Kwa hiyo Nyuzi_Nne anaposema kurudia kwa The Fall kumetoka kwa Can, namkubalia, ila kabla ya Can kulikuwa na hawa, kwenye ardhi hiihii, na The Fall waliwajua pia. Na Mama_Tacoma, Monks walianza kama bendi ya dansi kwenye vilabu vya Ujerumani, wakaamua kwa makusudi kuondoa utamu wote ubaki mdundo. Wapo waliocheza, wapo waliochukia. Ukiwatoa Monks kwenye gereji kwa sababu hawachezeki, hakuna mtu atakayekubali. Ukiwabakiza, The Fall unawatoa kwa hoja gani?

Kijana_wa_Ubungo (Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni. Mimi nimeingilia mlango wa 2001. Is This It ya The Strokes ilipotoka waliitwa gereji, pamoja na The White Stripes wa Detroit. Mwaka uliofuata Interpol wakatoa Turn On the Bright Lights wakaitwa posti-panki. Strokes na Interpol wote wa New York, na mimi nilizipata kwenye CD moja ya kuchomewa, zimechanganywa. Kabla sijasoma popote nilikuwa nazitenganisha kirahisi: moja nilitaka kutoka nayo nje, nyingine nilitaka kubaki nayo chumbani usiku. The Fall nimewasikia mwaka huu tu kupitia huku, na hawakai kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. "Totally Wired" natoka nayo nje. "Hip Priest" hapana kabisa.

Kaseti_Chakavu

Asanteni, huu ndio mjadala niliouombea. Nyuzi_Nne, Motown umenibana, lakini tofauti ipo: huko walikwenda mara moja wakiwa wanatafuta nafasi kwenye chati, na waliipata, namba 30. Kwa Monks na The Sonics hakukuwa na chati ya kufuata.

Naongeza jambo moja la historia. 1972 Lenny Kaye, mwandishi wa muziki, alikusanya nyimbo 27 za katikati ya miaka ya sitini kwenye albamu ya santuri mbili, Nuggets, na katika maelezo ya jalada aliwaita vijana wale panki, miaka minne kabla ya Sex Pistols kupanda jukwaani Manchester. Kwa hiyo mtu akisema The Fall ni wa baada ya panki, mimi namuuliza baada ya ipi. Panki ya 1976 waliipita haraka, walikuwa tayari wanacheka na nguo zake. Ile ya Nuggets hawakuipita hata siku moja.

Vijiti_Viwili (Arusha)

Mimi ni mpiga ngoma, nimesoma yote kimya. Baada ya ujumbe wa mwanzo nikawaomba wenzangu tupige "Mr. Pharmacist" namna zote mbili mazoezini, kwanza kama The Other Half, halafu kama The Fall. Kodi ni zilezile, maneno ni yaleyale.

Namna ya kwanza, ngoma inasukuma. Unakaa mbele kidogo ya mdundo, gita linakukimbiza, na kila mtu anataka kufika mwisho wa wimbo. Nilitoka jasho na nilifurahi. Namna ya pili tulikwama. Kila nilipokaa mbele, wimbo ukawa ule wa kwanza tena. Mpiga besi wetu ndiye aliyenielekeza nirudi nyuma, nipige snea kama sina haraka, nisipambe popote, na gita likinikimbiza nisikubali. Papo hapo ukawa The Fall. Mwimbaji akaacha kuimba bila kuambiwa na mtu, akaanza kusema.

Kwa hiyo Nyuzi_Nne na Kaseti_Chakavu, kwa mikono yangu wimbo ni gereji na anayezuia mkono ni posti-panki, na The Fall walikuwa wakifanya vyote viwili ndani ya dakika mbili zilezile. Kuanzia 1981 walikuwa na wapiga ngoma wawili jukwaani, Karl Burns na Paul Hanley. Natafuta mpiga ngoma mwenye seti yake, Arusha au Moshi, tujaribu na hilo. Tukipata tutarekodi na nitaiweka hapa.