Nyumba 20 upande wa Nyamasaria, Kisumu: septiki, bayodaijesta ama matete?

Jirani_Auji: Wakuu habari. Sisi ni nyumba 20, kila moja na shimo lake la choo, na mvua ikipiga hayo mashimo yanatapika hadi njia ya watoto wa shule. Laini ya suwa ya kubeba maji taka haijafika. Tumekubali kuchanga tujenge kitu cha pamoja lakini kamati imegawanyika: septiki moja kubwa, bayodaijesta (tanki la bakteria wa kula uchafu), ama ile ya kusafisha maji kwa matete. Nani ashawahi kuona hizi zikifanya kazi?

Fundi_Bomba: Shida yenu ni udongo, tanki halina makosa. Septiki inatuliza tu tope chini na mafuta juu, maji ya katikati yanatoka bado machafu ndio yakanywewe na udongo. Sasa huo mweusi wa Kano ukilowa unafunga kabisa, chimba shimo futi 20 ukitaka, litajaa, na lori la kunyonya mtaliita mpaka mchoke.

MamaBoi: Na bayodaijesta? Mwenye anauza ameniambia haijai milele

Fundi_Bomba: Mama huyo anauza bana 😂 Bakteria wanakula uchafu sawa, lakini maji lita 1,000 yakiingia ni karibu lita 1,000 zinatoka, zinaenda wapi? Shimo ni lile lile. Tope pia linapanda polepole. Na ukimwaga dawa kali kwa choo kila siku unawaua wale wale unaowategemea.

Nax_Mjini: Huku Nakuru ni kinyume, udongo wa volkano unakunywa kila kitu, mtu anajisifu shimo halijajaa tangu ahamie kumbe anawanywesha wenye visima. Na ziwa letu halina mto wa kutoka, kikiingia kimeingia. Mabwawa ya kusafisha maji taka kama yale ya Njoro nayapenda kwa sababu jua na upepo ndio zinafanya kazi, hakuna stima, ila yanakula ardhi na karibu na nyumba harufu mtaisikia. Nyumba 20 msijaribu.

Mluhya_wa_Bustani: Matete basi. Kwanza septiki ya kushika tope, hapo haikwepeki, halafu kitanda cha balasti kama sentimita 60 kwenda chini, upande matete ama mafunjo. Maji yanapita chini ya mawe kwa hivyo mbu hawapati pa kuzalia, bakteria wa kwenye mawe na mizizi wanamalizia. Na hapa ule udongo mbaya unawasaidia, ukishindiliwa vizuri na ukae umelowa haupitishi maji. Mwisho peleka kwa migomba, sukuma wiki hapana. Mkitaka kumwaga mtoni ni lazima kibali cha NEMA, wale wa mazingira, na BOD (kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni ya maji) isizidi miligramu 30 kwa lita.

MamaBoi: inataka shamba kiasi gani?

Mluhya_wa_Bustani: Piga mita 1 hadi 2 za mraba kwa kila mtu. Watu 5 kwa nyumba ni watu 100, kwa hivyo kitu kama uwanja wa voliboli. Na muwe na mtu wa kufyeka na kuangalia bomba la kuingilia, likiziba maji yanapanda juu ya mawe na hapo mbu wanarudi.

Nax_Mjini: +1. Na tope la septiki bado litanyonywa kila baada ya miaka kadhaa, wekeni hiyo pesa kando kabla kamati haijaila

Jirani_Auji: Asanteni sana. Sasa kuna kashida, nafasi ya wazi tuliyo nayo ni moja tu na ni uwanja wa voliboli kweli, nyavu ziko juu saa hii. Kamati inakaa Jumamosi. Kapteni wa timu ndiye mweka hazina.