Naomba ushauri: ugomvi wa hela ya chai umefika kwenye grupu la kazini

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha shule ya msingi, Morogoro. Walimu tunachanga 5,000 kwa mwezi ya chai. Juzi mwenzangu aliniuliza mbona sijatoa, nikamjibu vibaya, nakiri. Usiku akatuma picha ya daftari la michango kwenye grupu la WhatsApp la walimu, jina langu limezungushiwa wino mwekundu. Mwalimu mkuu yumo humo. Sikujibu kitu. Kesho yake nikalipa, nikamfuata nimwombe radhi. Akachukua kikombe chake akatoka nje. Inaniuma, tumekaa meza moja miaka 4.

Je, niombe radhi kwenye grupu hilohilo, au nimwombe mwalimu mkuu atukalishe? Na lile la kunianika, nilizungumze au niliache?